Moshi Uliokataa Kupanda

Mpaka anafiwa na mumewe, Bi Zuwena alikuwa hajui maumivu ya kichwa. Aliwaona wanawake wenzake wakijifunga vitambaa vipajini na kujipaka mafuta ya karafuu, akawaonea huruma ya mbali, kama unavyomhurumia msafiri aliyepotelewa na mzigo. Sasa kichwa kilimjia kila siku jioni. Kilianzia nyuma ya macho, kikashuka shingoni, na jua likitua kimemkalia kama mtungi uliojaa maji. Hakumwambia mtu. Mjane kuumwa kichwa, alijiambia, ni kama mvua kulowesha.

Alikuwa ndani ya eda. Mzee Msabaha alifariki mwisho wa mwezi wa nane, katika chumba cha mbele, kwenye kiti chake, kikombe cha chai kikiwa bado vuguvugu mkononi. Miezi minne na siku kumi za mjane zingekamilika baada ya mwaka mpya wa Kizungu. Siku alizihesabu kwa choroko: kila akimaliza sala ya alfajiri alitoa punje moja katika gilasi ya kushoto akaitia katika gilasi ya kulia. Alhamisi moja, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, gilasi ya kushoto ilikuwa na punje thelathini na sita.

Mjane hukaa eda katika nyumba aliyoachwa na mumewe. Ndivyo alivyofunzwa na bibi yake huko Unguja, na Bi Zuwena hakuwa na elimu nyingine ya kushindana na hiyo. Alimaliza darasa la saba, akaolewa. Kwa hiyo hakutoka. Hakujitia manukato wala wanja. Mwanamume asiyekuwa maharimu wake hakumfungulia mlango. Hata mtu wa kusoma mita ya umeme aligonga akachoka, akaenda zake.

Mwenye kuitia shaka eda hiyo alikuwa binti yake wa pekee, Zahra, mwalimu wa shule kule Northampton, mwenye mume na watoto wawili wadogo. Kila jioni alipiga simu ya kuonana uso. Mama husema Kiswahili, mtoto hujibu Kiingereza, kama ilivyo kwa wengi waliozaliwa huku Uingereza, na wakaelewana. Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi hiyo, ndipo Zahra alipouona uvimbe kwenye kipaji cha mama yake.

"Mama, hicho nini?"

"Kabati."

"Kabati lilikufuata?"

Bi Zuwena hakujua kusema uongo mrefu. Akaeleza kuwa alisikia kizunguzungu ukumbini, ukuta ukamjia. Zahra akasema kwa sauti ile aliyoitumia kwa wanafunzi wake, ya upole usiopindika, kwamba basi. Jumamosi anakuja na gari kumchukua. Nyumba itafungwa, na eda ataimalizia Northampton, kuna chumba.

"Eda haihamishwi kama meza, mwanangu."

"Na mtu akianguka peke yake ngazini, Mama? Yeye huhamishwa na nani?"

Bi Zuwena akaaga. Alipokata simu alikitazama kile kiti kitupu, akaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyepanga kukiacha.

Nyumba ilikuwa Barking, moja katika safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mabega, na juu ya paa kila nyumba mbili zikigawana dohani moja, lile bomba la matofali la kutolea moshi, kila moja kwa tundu lake. Msabaha aliinunua kwa miaka ishirini na saba ya kuosha mabehewa ya treni Stratford. Vyuma vya kupashia joto vilikuwamo, lakini kile cha chumba cha mbele hakikuwahi kushika vizuri, na mwenyewe hakujali. "Joto lisiloonekana," alikuwa akisema, "si joto, ni uvumi." Alitaka moto wake katika meko ya ukutani. Si wa kuni, maana mji haupendi moshi. Alinunua makaa ya mviringo kama mayai, yaliyotengenezwa yasitoe moshi. Yakishashika, huwaka mekundu, kimya, huoni hata uzi mmoja mweusi.

Tangu baridi ianze, Bi Zuwena aliuwasha moto huo kila baada ya sala ya alasiri, kama alivyofanya Msabaha. Dirisha lilikuwa limezibwa kingo kwa utepe tangu mwaka jana. Chini ya mlango kulilazwa taulo lililokunjwa. Pazia lilifungwa, kwa sababu mjane haonekani njiani. Akaketi mkekani kukielekea kiti, akafungua msahafu, akasoma mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Alhamisi hiyo mlango wa nyuma uligongwa mara tatu, ukatulia, ukagongwa mara moja. Huyo ni Shilpa, jirani wa nyumba iliyogawana nao dohani. Alizaliwa Mwanza, babake akiuza vitambaa, akaletwa Uingereza msichana. Kiswahili chake kilikuwa bado na milio ya dukani. Alipishana na Bi Zuwena mwaka mmoja tu, na wote wawili hawakukubaliana nani mkubwa. Jicho lake la kulia lilikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto lilikuwa njiani, naye alikuwa akisubiri kuitwa hospitali.

"Wewe bado mzima?" Shilpa aliingia na bakuli lililofunikwa. "Kachori hizi. Utakula mbele yangu, usinidanganye kama jana."

"Jana nilikula."

"Jana ulimpa njiwa. Macho yangu mabovu, dada, lakini njiwa mnene namwona."

Bi Zuwena akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza kwa wiki nzima. Wakaketi chumba cha mbele. Kwa kuwa mwenyeji alikuwa na habari nzito, Shilpa hakuondoka baada ya nusu saa kama kawaida yake. Aliisikiliza habari ya Jumamosi, ya gari, ya nyumba kufungwa. Alikasirika kwa niaba ya rafiki yake, kisha akakasirika kwa niaba ya Zahra, akarudi tena upande wa rafiki. Saa mbili zikapita. Ghafla akashika kichwa.

"Mama yangu! Kinagonga kama fundi bati. Na tumbo linanipanda." Akacheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. "Huzuni yako inaambukiza, nini?"

Bi Zuwena aliuweka msahafu juu ya mto, polepole, kama mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba anayoijua kuwa haina mtu.

"Huzuni haiambukizi," akasema.

Alikuwa mwanamke wa kuangalia. Hakusoma vitabu vingi, lakini maziwa yaliyokuwa karibu kuganda aliyajua kwa kuyatazama, na mtoto mwenye homa alimjua kwa namna alivyolala. Sasa akaanza kuyarudia mambo moja moja. Asubuhi, akianika nguo uwanjani, kichwa hakina kitu. Jikoni, hakina kitu. Jumanne makaa yalichelewa kuletwa, hakuwasha moto, na Jumanne hiyo hakuumwa kabisa. Usiku wake alijikaripia, akajiona ameanza kumsahau mume. Na leo Shilpa, asiyefiwa na mtu, ameumwa.

Akautazama moto. Makaa yalikuwa yamezubaa, na ule muali mdogo wa buluu, badala ya kunyooka juu, uliinama kuja chumbani. Juu ya mdomo wa meko, ukutani, palikuwa na doa la kahawia mfano wa ulimi. Mwaka jana halikuwapo.

Ndipo alipoikumbuka hitima.

Siku ya tatu baada ya maziko nyumba ilijaa wanawake. Yeye alikaa pembeni, amefunikwa, hajui nani kaingia nani katoka. Waliwasha udi, na kwa kuwa vyetezo vya makaa vilikuwa vingi na chumba kidogo, mmoja wao alisema viwekwe mekoni, moshi upande kwa dohani. Vikawekwa. Moshi haukupanda. Ulijikunja pale mdomoni, ukarudi chumbani, ukawazunguka miguuni. Wanawake wakatazamana, na mzee mmoja akalia: "Mwaona? Hata moshi hautaki kumwacha Msabaha!" Wote wakalia naye. Lilikuwa neno zuri, na Bi Zuwena alilihifadhi kama zawadi.

Halafu kile kidude cheupe juu ya kabati kikaanza kupiga kelele. Kilikuwa kengele ya Msabaha. Alikinunua miaka mingi nyuma, akakibadilishia betri kila mwaka, akamweleza mkewe: "Hewa ya makaa haina rangi wala harufu, Zuwena. Pua yako na yangu hazitaijua. Hiki ndicho pua yetu." Lakini mwenye kujua hayo alikuwa kaburini, na mkewe alikuwa amefunikwa. Wanawake walicheka katikati ya machozi. "Kidude cha Kizungu hakijui udi!" Mmoja akakishusha, akakizungushia kanga mara nne, akakitia sandukuni chini ya mashuka. Hitima ikaendelea kwa utulivu. Na kwa kuwa mjane hajitii manukato, udi haukuwashwa tena, na hakuna aliyekikumbuka.

Bi Zuwena akainuka. Akapanda juu, akafungua sanduku, akakitoa kile kidude katika kanga. Kilikuwa kimenyamaza, taa yake ya kijani ikimetameta. Akashuka nacho. Hakuwa ameuvuka mlango wa chumba cha mbele kilipoanza kupiga yowe mkononi mwake.

"Toka, Shilpa!"

"Nini?"

"Toka nje, nakwambia, toka!"

Wakatoka kwa mlango wa jikoni, mmoja amemshika mwenzake, wakasimama uwanjani kati ya kamba za nguo wakihema ile hewa baridi. Shilpa, aliyekuwa na simu mfukoni, alipiga namba ya dharura. Wazima moto wakaja, wakazima makaa, wakafungua kila dirisha, wakaubandua ule utepe wa Msabaha. Gari la wagonjwa likawapeleka hospitali. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Bi Zuwena kuvuka kizingiti cha mbele tangu kufiwa, tena na buibui lake na viatu vya msikitini, na ugonjwa ni udhuru. Walipimwa damu, wakavishwa barakoa za hewa safi. Daktari aliwaeleza kuwa damu ilikuwa imebeba sumu ya makaa. Ya Shilpa kidogo, ya Bi Zuwena nyingi, na kwa alivyoeleza, siyo ya siku moja. Kama si jirani kuumwa kichwa, alisema, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Bi Zuwena aliisikia sauti ya daktari, lakini neno alilolishika lilikuwa lingine. *Haikuwa huzuni.* Wiki zote zile alidhani anaumwa na Msabaha, kumbe alikuwa anaumwa na dohani.

Zahra alipopigiwa simu alilia kwanza, ndipo akaghadhibika. Angekuja usiku ule ule kama si watoto. Sasa halikuwa tena suala la kizunguzungu. Nyumba ile ilitaka kumuua mama yake, basi itafungwa, tena iuzwe.

"Nisikilize," Bi Zuwena alimwambia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyojihisi. "Nyumba haikutaka kuniua. Nyumba inaumwa. Babako alikuwa akiitibu kila mwaka, na mwaka huu amekufa kabla ya siku ya kuitibu. Nipe mpaka Jumamosi adhuhuri. Ukifika ukakuta dohani haijapona, nitaingia garini mwenyewe, hutanishika mkono. Ukiikuta imepona, utaniacha nimalize."



"Adhuhuri," akasema Zahra. Aliisema kwa Kiswahili.

Waliruhusiwa alfajiri, na Ijumaa nzima nyumba ilikuwa ya baridi kama kisima. Bi Zuwena alivaa sweta mbili na koti la Msabaha juu yake. Shilpa alikuwa amekwisha kupata mtu: mfagia dohani mmoja, Mkongo, aliyemfanyia kazi dada yake Poonam. Jina lake Dieumerci. Anaweza Jumamosi saa mbili asubuhi.

"Ni mwanamume?" Bi Zuwena aliuliza.

"La, kuku." Shilpa akatikisa kichwa. "Mwanamume, dada. Ana mikono, ana ndevu, na ana brashi. Unataka nimtafute malaika?"

"Nipo edani, Shilpa."

"Najua upo edani. Mimi nakupokelea mpaka barua. Lakini dohani haiwezi kupita kwa mlango wangu."

Alipoondoka, Bi Zuwena alikaa jikoni na gilasi zake mbili. Aliogopa, na si kwa ajili ya maneno ya watu. Miezi mitatu aliitunza eda yake kama mtu anavyobeba maji kwa mikono, tone lisimwagike. Kumfungulia mlango mwanamume mgeni, aingie chumba kile, mbele ya kiti kile! Lakini alimkumbuka bibi yake, aliyemfunza eda kabla hajajua hata kufunga ushungi vizuri. Bibi huyo huyo, kijiji kilipopata kipindupindu, aliwatoa wajane majumbani akawapeleka zahanati na mikongojo. Mungu hakuiweka eda ili mke amfuate mumewe kaburini. Na dharura ina mlango wake. Akapiga simu kwa Shilpa: "Mwambie aje. Wewe utakaa naye chumbani."

Dieumerci alifika saa mbili kamili. Alikuwa mtu mrefu, wa umri wa kati, mwenye ovaroli jeusi na sauti ya kanisani. Bi Zuwena alimpokea kwa maneno kutoka nyuma ya mlango wa jikoni uliofunguliwa kidogo, amejifunika, na mfagiaji, alipoelezwa na Shilpa, hakuona ajabu. Alisimama upande wake wa mlango na kofia mkononi.

"Mama, pole sana na kilio. Mungu akutie nguvu. Kwetu Uvira pia mujane anakaa ndani. Mi nitafanya kazi, sitaangalia upande yako."

"Ahsante, mwanangu."

"Mwanangu!" Shilpa alinong'ona. "Ana mvi kukuzidi."

Akatandika vitambaa sakafuni, akafunika kiti cha Msabaha kwa shuka safi bila kuambiwa. Bi Zuwena alimsikia akijiinamisha mekoni na kurunzi na kioo chake kidogo.

"Mama, dohani muzima, ukiweka kioo hivi, unaona mbingu. Niko naangalia. Mbingu haiko."

Kisha ikaanza kazi. Fito ziliunganishwa mmoja kwa mwingine, chombo cha chuma kikapandishwa, na ndani ya ukuta ukasikika mkwaruzo, mkwaruzo, halafu mporomoko, kama mtu aliyemwaga gunia la vifuu. Shilpa akapiga kelele. Ndoo ya kwanza ilijaa vijiti. Ya pili vijiti, kamba ya plastiki, manyoya, kipande cha soksi ya mtoto. Ndege walikuwa wamejenga tangu masika, dari juu ya dari, na Msabaha angewakuta mwezi wa tisa kama angeufikia.

"Kunguru wadogo," Dieumerci akasema. "Hawa wa kichwa ya kijivu."

"Kunguru!" Bi Zuwena alisema nyuma ya mlango. "Nimewakimbia Unguja, wamenifuata mpaka Barking."

Wote watatu wakacheka, na kicheko cha mwanamume ndani ya nyumba kilimshtua akanyamaza kabla ya wenzake.

Masizi yalifuata, ndoo nzima. Ikabaki kupitisha brashi mara ya mwisho mpaka itokeze juu, ijulikane njia iko wazi. Hapo Bi Zuwena akasema jambo ambalo hakulipanga. Chini ya ngazi kuna brashi ya marehemu. Atumie hiyo.

Dieumerci akaichukua, akaigeuza geuza. "Hii brashi iko muzee kuliko mimi," akasema kwa upole. "Lakini meno yake iko. Sawa. Sasa mutu moja atoke inyuma aangalie juu, aniambie ikitoka."

Shilpa akatoka haraka, akasimama uwanjani na kichwa kimeinuliwa. Mfagiaji akasukuma.

"Umeiona?"

"Naona!" Shilpa akajibu. "Naona... au lile ni wingu? Ngoja. Ni antena."

"Mama Shilpa, iko inje ao haiko?"

"Mimi nitajuaje? Kwangu paa lote ni uji!" Akageuka kuelekea jikoni. "Dada, toka wewe. Uwanja si njia. Uwanja ni nyumba."

Bi Zuwena alisimama kizingitini. Alikuwa akitoka uwanjani kila siku kuanika nguo, hilo halikuwa neno. Lakini kusimama pale, kwenye jiwe lile karibu na bomba la maji, na kuangalia juu, ilikuwa kazi yake. Miaka ishirini na minne, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, Msabaha alikuwa ndani amepiga magoti, uso mweusi wa masizi, na yeye alikuwa hapa. Kwenye kichwa cha brashi mumewe alifunga kipande cha kanga yake nyekundu iliyochakaa, ili aione vizuri dhidi ya mbingu hii ya kijivu. *Umeona?* alikuwa akiita. *Bado!* Ufito mwingine. *Umeona?* Na mara nyingine alikuwa ameiona, akasema bado kwa makusudi, brashi ikazidi kupanda ikayumba juu ya paa kama kichwa cha twiga, mpaka Msabaha akagundua, akatoka mbio na masizi yake kumkimbiza.

Akashuka uwanjani, akasimama kwenye lile jiwe.

"Mama, niko nasukuma!"

Juu ya paa, katika kinywa cha dohani, kikatokeza kitu cheusi. Kikasita. Kikaruka juu chote, meno yake yakafunguka, na ile kanga nyekundu, imefubaa, imeungua ncha, ikapepea.

"Umeona?" ikaita sauti kutoka ndani ya nyumba.

Alijua neno la kujibu. Lilikuwa neno moja tu, na alilisema miaka ishirini na minne. Lakini sauti iliyouliza haikuwa ile, na mara akafahamu kuwa akishalisema, basi. Brashi itarudi chini, fito zitafunguliwa, na hakuna atakayeuliza tena. Akanyamaza. Ndani, Dieumerci akaongeza ufito. Brashi ikapanda zaidi. Akaongeza mwingine. Ikayumba juu ya paa, ndefu ajabu, kanga ikipiga upepo, na njiwa wote wa mtaa wakaruka.

"Dada!" Shilpa alimvuta mkono. "Imetoka au haijatoka? Sema, mtu anasukuma mpaka mbinguni!"

Akamtazama usoni kwa lile jicho lake la kushoto, kwa karibu. Akauachia mkono.

Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Zuwena mpaka kidevuni. Hakuwa amelia tangu maziko. Alidhani amelia, kwa sababu kichwa kilimuuma kama cha mtu aliyelia.

"Nimeona," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo mno. Shilpa ndiye aliyejaza mapafu akapiga ukelele kuelekea nyumba: "Kaona! Kaona, rudisha!"

Zahra alifika robo saa kabla ya adhuhuri. Alikwenda moja kwa moja mekoni na koti lake. Dieumerci alikuwa amekwisha kuweka kofia ya waya juu ya dohani ndege wasirudi, na alimngojea mwenye shaka ili ajaribu mbele yake. Akawasha kidonge cha moshi mekoni. Moshi mzito mweupe ukafoka, ukajikunja mdomoni kidogo kama unaofikiri, kisha ukavutwa, ukanyooka, ukapanda wote. Bi Zuwena aliuangalia kutoka mlangoni mpaka uzi wa mwisho ulipotoweka.

Mfagiaji akamkabidhi Zahra karatasi ya kazi. "Kila mwaka mara moja, dada yangu. Mbele ya baridi. Na hii," akainyanyua kengele, "isilale tena ndani ya sanduku."

Akakusanya vitambaa vyake, akaaga, akaenda zake. Zahra akaifunga kengele ukutani kwa misumari miwili, mahali ambapo hata wanawake wa hitima hawatafikia bila ngazi. Akawasha makaa. Akavua viatu, akaketi mkekani na mama yake saa mbili nzima kwa saa yake, akiitazama kengele kuliko moto. Kengele haikusema kitu. Walizungumza kidogo, mambo ya watoto. Alipokunja koti kuondoka alikwenda jikoni, akarudi ameshika gilasi ya kushoto.

"Thelathini na nne tu, Mama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa na kutu. "Kisha unakuja kwangu. Mwezi mmoja."

"Kisha nitakuja. Inshallah."

Gari likaondoka kabla giza halijaingia. Shilpa aliaga kwa kugonga ukuta, mara tatu, halafu mara moja. Bi Zuwena akaswali, akakivua kiti lile shuka aliloliacha Dieumerci, akalikunja, akaketi mahali pake.

Akakingoja kichwa. Saa yake ilifika ikapita. Makaa yaliwaka mekundu, muali umesimama wima, na ndani ya dohani hewa ilikuwa ikivuta kwa sauti ndogo, ile sauti aliyoizoea miaka yote akasahau kuwa ni sauti. Kichwa kilikuwa chepesi, kama nyumba iliyofagiliwa. Aliona haya kwa wepesi ule. Wiki ngapi aliyahesabu maumivu yale kuwa ni haki ya Msabaha, akampa kila jioni bila kumpunja, na sasa hakuwa na cha kumpa.

Akafungua msahafu. Herufi zilitulia, zote, nyeusi, kila moja mahali pake, na mbele yake kiti kilikuwa kitupu, kikionekana vizuri kabisa.